Ukuta umeota fangasi, mtoto anakohoa

SWALI: Dada shikamoo. Nakaa Tukuyu, tumepanga vyumba viwili, sa hivi mvua haikatiki na nyuma ya kabati ukutani pameota madoa meusi, nguo zinanuka uvundo hata nikizifua. Mwaka jana tulipaka rangi yamerudi vilevile. Mwanangu wa miaka minne usiku kifua kinalia kama filimbi, akienda kwa bibi yake Mbarali kinatulia kabisa. Jirani anasema ni baridi tu nimvalishe sweta. Ni kweli?

Mama wa wawili, Tukuyu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jirani ana nia njema ila hapo Mbarali umeshajijibu mwenyewe, kule kukavu mtoto anapumua, akirudi chumbani kwenu anabanwa. Yale madoa yanarusha chembe ndogo huzioni kwa macho, mtu anazivuta, na mwenye pumu au mzio ndo anaumia zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishasema 2009 kwamba nyumba zenye unyevu na kuvu zinaendana na kikohozi, kifua kulia na pumu. Kwa hiyo mpeleke hospitali apimwe pumu, na kama kikohozi kimefika wiki 2 waombe wapime na TB. Ukiona mbavu zinabonyea akivuta pumzi, usisubiri asubuhi.

Sasa ukuta. Rangi juu ya fangasi ni kupoteza hela, wenyewe wanaendelea kula chini kwa chini mpaka rangi inabanduka. Tafuta maji yanatoka wapi. Doa likianzia chini kwenye sakafu likipanda, maji yanatoka kwenye msingi, likianzia juu kwenye kona, angalia bati na gata. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, gata mbovu hapo sio kitu kidogo. La kwenu liko nyuma ya kabati, mi nahisi ni ule ukuta wa nje wenye baridi, hewa yenye mvuke inagusa pale inageuka maji na kabati linaziba hewa. Livute mbele upana wa kiganja, fungua madirisha jua likitoka hata kama ni saa moja tu, nguo mbichi na sufuria la maharage vitoke chumbani. Na jiko la mkaa la kuotea moto usilale nalo ndani jamani, hilo linaua kabisa.

Kusafisha: mtoto atoke, vaa barakoa, lowesha kwanza ndo usugue kwa maji na sabuni, ukikwangua pakavu unazisambaza nyumba nzima. Jiki ukiitumia izimue kwa maji, na usiichanganye na dawa ya choo hata kidogo, ule moshi wake unachoma mapafu. Jipsam iliyolowa mpaka imelegea haisafishiki, ikatwe.

Mwenye nyumba mtumie picha. Akisema analeta fundi rangi, mwambie aanze na gata.