Fyuzi hukaa kwenye betri, haikai kwenye friji

Simamisha kazi hiyo. Kabla fundi wako hajatoboa hata tundu moja kwenye pikapu, mpigie simu umwambie asubiri, kisha urudi usome haya. Umeuliza kama ununue betri ya lithiamu au ya asidi, paneli ya sola ya wati ngapi iwekwe juu ya paa, inveta ya ukubwa gani itaendesha blenda, na kama chini ya boneti ya Hilux ya kebini mbili kuna nafasi ya betri ya pili. Hayo yote yana majibu. Lakini katikati ya maelezo yako umeandika, kwa wepesi wa mtu asiyejua alichokishika, kwamba fundi atavuta waya mmoja kutoka betri ya mbele moja kwa moja hadi nyuma, na kwamba fyuzi ya friji iliyopo kule nyuma, yaani kile kiuzi kinachoungua na kukata umeme unapozidi, inatosha. Maneno hayo niliyaambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na niliyalipia.

Gari langu nalo ni Hilux ya dizeli, kebini mbili. Nilitaka kitu kile kile unachokitaka wewe: friji ya kambi nyuma ya pikapu, taa mbili za kupikia usiku, na mahali pa kuchajia simu bila kuwasha injini. Fundi alikuja na waya wa milimita 4 za mraba, ule mgumu wa kufungia umeme wa nyumba, akaubana kwenye terminali chanya ya betri, akaupitisha ukutani mwa injini, akaushusha chini kando ya chasisi, akautokeza kwenye bodi la nyuma kupitia tundu alilolitoboa kwa drili dakika ile ile. Kule mwisho akaweka fyuzi ya ampea 15, akachomeka friji, taa ya kijani ikawaka, tukapeana mikono. Nilimwongezea na pesa ya soda. Nalikumbuka hilo kila ninapoona soda.

Miezi miwili ilipita bila neno. Kisha tukapanga safari ya Ziwa Natron, mimi, mke wangu na shemeji yangu, tukipitia Mto wa Mbu na Engaruka. Anayeijua barabara ile anajua kwamba kuna vipande vimekunjika kama bati la paa, na gari hutetemeka mpaka meno yanagongana. Tulikuwa tumeshaiacha Engaruka, Mlima Ol Doinyo Lengai umesimama mbele yetu peupe, shemeji aliyekaa nyuma aliposema ananusa mpira unaungua. Nikamjibu kwamba ni breki. Sijui kwa nini nilisema breki. Nadhani mwenye gari hupenda kutaja kitu anachokijua bei yake. Baada ya muda mfupi taa za dashibodi zikafifia, zikarudi, zikafifia tena, na moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye tundu lile la drili, pembeni kabisa mwa friji. Mke wangu hadi leo anaiita friji ile jiko.

Nilizima injini, nikachomoa ufunguo, nikasubiri moshi ukome. Haukukoma. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo ujinga wangu ulipokaa. Waya uliofungwa moja kwa moja kwenye terminali ya betri hauna habari na ufunguo wako. Unaweza kuuchomoa ufunguo na kuutupa ziwani, betri itaendelea kumwaga umeme mpaka kitu kimojawapo kiungue. Nikafungua boneti, nikakuta ngozi ya ule waya imeanza kuvimba na kutoa mapovu kama maandazi yanavyovimba kwenye mafuta. Cha kufanya kilikuwa ni kulegeza terminali hasi kwa spana namba 10, na spana namba 10 ilikuwa kwenye sanduku la vifaa, chini ya hema, chini ya magodoro, chini ya kreti ya maji, yaani huko huko kunakotoka moshi. Shemeji ndiye aliyetuokoa: alijizungushia kitenge mkononi, akaukamata waya na kuuvuta kwa nguvu zake zote mpaka ukachomoka terminalini kwa cheche. Kiganja chake kiliungua kidogo. Hajanidai chochote, lakini kila tukikutana kwenye sherehe za ukoo hunisalimu kwa kuninyooshea kile kiganja.

Tulivutwa na madereva wa watalii hadi Mto wa Mbu, kisha nikakodi gari la kuvuta hadi Arusha. Gharama ya kuvutwa, kubadilisha mkungu wa nyaya za nyuma ulioyeyuka pamoja na ule waya, betri mpya na kazi ya fundi mwingine ilifika shilingi milioni 2 na laki 7. Nyama iliyokuwamo kwenye friji siihesabu.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa sababu fundi wako atakuambia ilikuwa bahati mbaya. Pale waya ulipokatiza ukingo wa chuma nyuma ya kebini, hapakuwa na raba wala bomba la kuukinga. Kwa miezi miwili ule ukingo ulikuwa unakata ngozi ya waya kama msumeno mdogo, na barabara ya Engaruka ikamalizia kazi. Shaba ilipogusa chasisi ikapiga shoti. Chasisi ya gari ndiyo njia ya kurudia umeme kwenye terminali hasi, kwa hiyo umeme ulitoka chanya, ukasafiri kama mita tatu za waya, ukaingia kwenye chuma, ukarudi nyumbani. Betri ya gari, ambayo kazi yake ni kuzungusha injini ya dizeli asubuhi ya baridi, inaweza kutoa ampea mia kadhaa kwa mkupuo bila kutoa jasho. Waya wa milimita 4 unastahili kubeba ampea 30 hivi. Ukiupitishia mia kadhaa, unakuwa koili ya jiko la umeme.

Na ile fyuzi ya ampea 15? Ilikuwa nyuma, mwisho kabisa wa safari, ambako umeme haukufika. Shoti ilitokea katikati, umeme ukageuka kabla ya kuiona. Nilipoichomoa gerejini ilikuwa nzima, safi, uzi wake haujabadilika hata rangi. Ninayo kwenye droo ya meza yangu. Ni kitu pekee katika mfumo ule kilichotoka salama, na ndicho pekee kilicholipiwa kiungue.

Hapa nina deni na watu wawili ambao sitawataja. Wa kwanza ni yule fundi, ambaye nilipomrudia na kipande cha waya kilichoungua, chenye kitone cha shaba iliyoyeyuka mwishoni kama punje ya kunde, alikigeuza geuza vidoleni na kuniambia kwamba tatizo ni barabara za Natron. Yaani gari lilitengenezwa kwa ajili ya kambi, na kosa ni kulipeleka kambini! Wa pili ni muuza spea aliyeniuzia ule waya. Nilimwuliza waziwazi kama hauhitaji fyuzi kwenye betri, akanijibu kwamba fyuzi hulinda kifaa, kwa hiyo hukaa karibu na kifaa. Jibu hilo lina sauti ya akili, ndiyo maana linaunguza watu. Fyuzi ya mfumo wa namna hii hulinda waya. Friji ina ulinzi wake ndani; waya hauna mtu wa kuusemea isipokuwa hiyo fyuzi, na fyuzi huweza kuusemea waya ulio baada yake tu. Kila sentimita ya waya iliyopo kati ya betri na fyuzi ni sentimita isiyokuwa na mlinzi. Mimi nilikuwa nazo karibu mita tano.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na ukisahau mengine yote ishike hii: pima shubiri moja kutoka terminali chanya ya betri, na fyuzi iwe ndani ya hiyo shubiri. Haifai kukaa ukutani mwa injini kwa sababu pana nafasi nzuri ya kuifunga, wala ndani ya kebini ili uione kwa urahisi. Ndani ya shubiri, na ikiwezekana pungufu yake.

Ukubwa wa fyuzi unafuata waya, haufuati hamu yako. Waya wa milimita 4 usipewe zaidi ya ampea 30. Waya wa milimita 16 unaweza kupewa 60 bila wasiwasi. Na ikikatika, tafuta sababu. Usimruhusu mtu yeyote kuifunga kwa nyuzi za shaba alizozichambua kwenye kipande cha waya, hata kama anakuambia ni ya kukufikisha mjini tu. Nimeona magari yaliyofikishwa mjini kwa namna hiyo tangu mwaka juzi na bado yanatembea nayo.

Kuna sehemu ya pili ya sheria hii ambayo mafundi wengi wazuri huisahau, na inakuhusu wewe ikiwa betri ya pili utaiweka nyuma badala ya chini ya boneti. Ukishaweka betri kule nyuma, ule waya una chemchemi mbili za umeme. Ukipiga shoti katikati, fyuzi ya mbele itakatika kama ilivyoagizwa, halafu betri ya nyuma itaendelea kuulisha moto kutoka upande wake. Kwa hiyo kila betri iwe na fyuzi yake, shubiri moja kutoka terminali yake chanya. Fyuzi mbili kwa waya mmoja. Muuza spea atacheka. Mwache acheke, lipa.

Kuhusu waya wenyewe, achana na waya wa nyumba. Ule una nyuzi chache nene, haupendi mtetemo, na ukipindwapindwa hukatika ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Nunua waya laini wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba, na usibane unene. Kutoka betri ya mbele hadi bodi la nyuma, kwenda na kurudi, ni kama mita 12. Ukipitisha ampea 20 kwenye waya wa milimita 2.5 kwa urefu huo, unapoteza zaidi ya volti 1.6 njiani, kwa hiyo betri ya nyuma haitajaa hata ukiendesha hadi Mbeya. Kwenye waya wa milimita 16, upotevu huo unashuka hadi robo ya volti hivi. Kila unapopita kwenye tundu la chuma weka raba, kila unapokatiza ukingo weka bomba la plastiki, ufunge waya kwenye chasisi kila baada ya shubiri mbili, mbali na bomba la moshi na mbali na mabomba ya breki na mafuta. Kisha lala chini ya gari mwenyewe na tochi, upapase njia nzima kwa mkono. Usiangalie tu. Kidole hugundua ukingo mkali ambao jicho huupita.

Ama kuhusu betri, kwa kifupi: ukichukua ya asidi, iwe ile iliyotengenezwa kutumika polepole na kwa kina, isiwe ya kuwashia injini, na usiishushe chini ya nusu, ikisoma volti 12.2 ikiwa imetulia, nusu imeshakwenda. Friji ya kompresa ndogo kwenye joto la kwetu hula kama ampea-saa 40 hadi 50 kwa siku, kwa hiyo betri ya asidi ya ampea-saa 100, ukiishia nusu, ni ya siku moja na kidogo, na ya lithiamu ya ukubwa huo huo inakaribia siku mbili. Lithiamu usiiunge moja kwa moja na alternata, ile mashine ya injini inayochaji betri, kwa maana hunywa umeme kwa pupa na inaweza kuichemsha alternata mpaka iungue. Weka chaja ya kati inayopokea volti za gari na kuipimia betri ya nyuma, ya ampea 25 inatosha kabisa, ukiipa fyuzi ya 40. Na fyuzi hiyo ya 40, kabla hujauliza, inakaa ndani ya ile shubiri.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, fungua boneti. Kama fundi alishaanza na kuna waya wowote mpya kwenye terminali chanya, ushike kwa vidole viwili na uufuate. Ukifika mwisho wa shubiri bila kukutana na fyuzi, chukua spana namba 10, anza na terminali hasi, uutoe waya huo. Spana hiyo usiirudishe kwenye sanduku la vifaa. Yangu siku hizi ninaifunga kwa kamba kwenye bawaba ya boneti, na mke wangu amepaka mpini wake rangi nyekundu ya kucha.