Andika timu unayoishi nayo

Wadogo zangu mnaoanza kuripoti Ligi Kuu kutoka huku Nyanda za Juu Kusini,

Kila msimu ligi inapofunguliwa, vijana wawili watatu huja kukaa karibu yangu jukwaani Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya, simu mkononi, kinasa sauti mfukoni. Wengine mmetoka chuoni, wengine mlianza kwa kutangaza mechi za mchangani Mwanjelwa na Uyole. Swali lenu huwa moja: nifanyeje nipate nafasi ya kuripoti Simba au Yanga ikija Mbeya? Leo nalijibu kwa kirefu, maana nami nililiuliza mwaka 2013 na nikachelewa sana kupata jibu.

Ligi Kuu Bara ina timu 16, na kila timu inacheza mechi 30. Katika hizo 30, timu yetu inakutana na Simba mara mbili na Yanga mara mbili, nyumbani na ugenini. Siku wakija hapa, waandishi wa Dar es Salaam wanashuka na ndege Songwe, Azam TV wanafunga kamera zao, na lolote utakaloliona wewe watakuwa wameliona maelfu. Zinabaki mechi 26. Hizo ndizo kazi yako. Jumatano ya mvua, Tanzania Prisons, timu yetu ya Mbeya, inacheza na timu ya mkoa mwingine, jukwaani watu wa kuhesabika, na mwandishi ni wewe peke yako. Usipoiandika wewe, mechi hiyo itabaki matokeo tu kwenye msimamo, na wachezaji waliokimbia dakika 90 watakuwa kama hawakucheza.

Mimi msimu wangu wa kwanza ulinidekeza, nakiri. Mbeya City ndiyo kwanza ilikuwa imepanda daraja, timu ya Halmashauri ya Jiji, chini ya mwalimu Juma Mwambusi. Ligi ilikuwa na timu 14 wakati huo. Mji mzima ulivaa zambarau. Walimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Tarehe 13 Aprili 2014 Azam walikuja hapa Sokoine, wakashinda 2-1, wakatwaa ubingwa wao wa kwanza mbele yetu. Wazee waliokuwa pembeni yangu walikumbuka Tukuyu Stars, Banyambala, waliotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986 wakiwa wageni wa ligi, na wakasema yanaweza kurudi. Nikadhani kila msimu uko hivyo. Niliandika mchezo baada ya mchezo kwa furaha bila kuweka kumbukumbu yoyote, kwa sababu ushindi unajiandika wenyewe. Misimu iliyofuata, timu ilipoanza kuyumba, mhariri akaniuliza: tatizo lilianza lini? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa jukwaani kila wiki, na sikuwa na jibu.

Ndipo nikanunua daftari.

Nawaeleza jinsi ninavyolitumia, nanyi mbadilishe mnavyotaka. Kila mechi ina kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto naweka timu yetu, kulia mgeni. Juu kabisa hali ya hewa na hali ya uwanja, kwa sababu mwezi wa tatu Sokoine si ile ya mwezi wa tisa: mvua ikishanyesha wiki nzima, pasi ya chini inakwama njiani, na kiungo fundi anageuka mtu wa kawaida. Kisha kikosi, namba, na nafasi aliyocheza mtu kweli, si ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Dakika za mabao, kadi, mabadiliko. Halafu yale ambayo wengi hawayaandiki: nani alipashwa misuli kwa dakika 20 kisha hakuingizwa, nani alitoka akapita benchi bila kumpa mwalimu mkono, kipa alipiga mipira mirefu upande gani. Chini kabisa sentensi moja yangu kuhusu mechi ile, nayo naiandika kabla sijasikia maoni ya mtu mwingine yeyote.

Mechi tano hazikuambii kitu. Kuanzia ya kumi, daftari linaanza kuzungumza. Msimu mmoja niliona mabao mengi tuliyofungwa yalikuja robo saa ya mwisho, na karibu yote yalianzia kwa beki mmoja ambaye hakuwa na mbadala benchini. Nikamwendea mwalimu baada ya mazoezi, si kwenye mkutano wa waandishi ambako angelazimika kujilinda, nikamwonyesha kurasa. Aliangalia muda mrefu. Akaniambia, "Kaa chini." Tangu siku hiyo hakuwahi kunijibu lile jibu la "tumepoteza, tunajipanga kwa mchezo ujao". Walimu wa timu za mikoani wanaulizwa maswali ya uvivu kila wiki, na wanamjua anayetazama mpira.

Jifunzeni pia kusoma msimamo wa ligi kama mkulima anavyosoma mawingu. Timu iliyo nafasi ya nane ikiwa na viporo viwili, yaani mechi zilizoahirishwa ambazo bado haijacheza, si ya nane. Simba na Yanga wakiwa kwenye mashindano ya Afrika, mechi zao husogezwa, na ukikimbilia kutangaza nani anaongoza bila kutaja michezo iliyochezwa unampotosha msikilizaji wako. Huku kwetu macho yawe chini ya msimamo zaidi kuliko juu. Kwa utaratibu tuliouzoea miaka ya karibuni, timu mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinakutana kwenye mtoano, na anayepoteza anakwenda kumkabili aliyetoka Championship, ligi ya daraja la chini yake. Mbeya City ilishukia njia hiyo msimu wa 2022/23, mbele ya Mashujaa ya Kigoma. Kanuni hurekebishwa, kwa hiyo kila msimu tafuta kanuni mpya za ligi uzisome zote, siyo kusimuliwa. Mwandishi anayejua kanuni ndiye anayeweza kueleza mwezi wa nne kwa nini sare ya bila kufungana ugenini inafaa kushangiliwa.

Sasa niwaambie kosa langu lililoniuma kuliko yote.

Ilikuwa mechi ya masika, uwanja tope tupu. Kufika kipindi cha pili jezi za timu zote mbili zilikuwa na rangi moja, rangi ya udongo. Ikapigwa kona, watu wakarundikana, mpira ukaingia. Nilikuwa hewani moja kwa moja. Nikamtaja mshambuliaji wetu mzoefu, kwa sababu ndiye aliyezoea kufunga, na kwa sababu ukimya hewani unatisha. Mfungaji halisi alikuwa kijana aliyepandishwa kutoka timu ya vijana, bao lake la kwanza Ligi Kuu. Nililijua hilo usiku, nilipoona taarifa ya mchezo. Jumanne alinifuata mazoezini, kwa heshima kabisa, akasema, "Shikamoo kaka. Mzee alikuwa anasikiliza redio kijijini. Alinipigia kunipa pole kwamba sijafunga." Hakusema zaidi ya hapo. Nilirekebisha jioni ile ile kwenye kipindi, nikamtaja jina mara tatu, lakini baba yake alikuwa ameshaipoteza ile dakika, na mimi ndiye niliyeichukua.

Kwa hiyo: usimtambue mchezaji kwa namba. Mtambue kwa mwendo. Nenda mazoezini ukajue nani anakimbia mabega yakiwa juu, nani ni wa mguu wa kushoto, nani anavuta soksi chini ya ugoko, viatu vya nani vina rangi gani wiki hii. Na kama hujaona, sema hewani, "Bao limeingia, mfungaji tutamthibitisha." Hakuna msikilizaji aliyewahi kumchukia mtangazaji kwa maneno hayo.

Kuhusu baridi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na timu zinazotoka Pwani hulalamika pumzi na ubaridi, hasa msimu ukisogea hadi Juni. Ni kweli ina uzito wake. Ila msiifanye ndiyo maelezo ya kila ushindi wetu wa nyumbani, kwa sababu mnawanyima wachezaji haki yao. Isitoshe nyanda hizi si baridi tupu. Ukishuka Inyala, Igurusi, Chimala, ukaingia Rujewa hadi Ubaruku, unakuta joto na mashamba ya mpunga. Kule ndiko timu ya Ihefu ilikokuwa ikicheza Ligi Kuu, na tarehe 29 Novemba 2022 waliifunga Yanga 2-1, Yanga iliyokuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Bangala alitangulia kuifungia Yanga, Never Tigere akasawazisha, Lenny Kissu akamaliza.

Kesho yake nchi nzima ilizungumzia kilichoikuta Yanga. Ihefu, waliokuwa wakihangaika sehemu ya chini ya msimamo, walitajwa kama ajali ya barabarani. Mwandishi mwenye daftari la Ubaruku alikuwa na habari ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo: timu ile ilikuwa imejipangaje wiki kadhaa kabla, nani alirudi kutoka majeruhi, nani alibadilishiwa nafasi. Mgeni mkubwa anapofungwa, habari kubwa iko kwa mwenyeji. Na mwaka uliofuata, Oktoba 2023, Ihefu wakaifunga Yanga tena kwa mabao yale yale, 2-1, uwanja ule ule.

Leo ligi haichezwi tena Ubaruku. Timu ilihamia Singida mwaka 2024 na kubadili jina kuwa Singida Black Stars. Lipuli ya Iringa, iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, imeshuka na haijarudi. Njombe Mji walikaa msimu mmoja tu, 2017/18. KenGold ya Chunya nao msimu mmoja, 2024/25. Nawatajia hizi kwa sababu mtakapokuwa mnaandika, mtadhani timu ipo siku zote. Timu za huku huondoka. Waliobaki na kumbukumbu za Lipuli ya Uwanja wa Samora, Iringa, ni mashabiki na waandishi wachache waliotunza karatasi zao. Nimeombwa mara nyingi na wachezaji wa zamani niwatafutie idadi ya mechi walizocheza, wakaiambatishe kwenye maombi ya kazi ya ukocha. Daftari lako linaweza kuwa ushahidi pekee wa ujana wa mtu.

Fedha nazigusa kwa ufupi, ingawa si jambo dogo. Malipo yetu mikoani ni kidogo, na safari za ugenini ni ndefu. Siku moja nilipanda basi la timu fulani bure, nikala nao njiani, nikalala hoteli yao. Wiki iliyofuata wachezaji wakaniambia hawajalipwa mishahara miezi kadhaa. Nilikaa na habari ile siku tisa nikitafuta namna ya kuiandika bila kumuudhi aliyenipa kiti. Siku ya kumi mwingine akaitoa. Tangu hapo nauli ni yangu au ya redio yangu. Ikikosekana, nabaki Mbeya, nawapigia watu wawili tofauti uwanjani, na ninasema wazi kwenye habari kwamba sikuwepo.

Na mtaona miezi migumu. Timu ikipoteza mechi nne mfululizo, milango inafungwa, msemaji hapokei simu, mashabiki wanasema ninyi ndio mnaoleta nuksi. Endeleeni kwenda mazoezini. Simameni palepale mliposimama wakati wa ushindi, salimieni kwa sauti ileile. Mwezi wa pili wa kushindwa ndio mtakaojua nani kiongozi wa kweli kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwa sababu ndiye atakayekuja kuwasalimia. Dirisha dogo la usajili linapofunguka katikati ya msimu, wengi wataandika majina ya wanaokuja. Andikeni na wanaoondoka, na aliyeondoka ameacha pengo gani. Mara nyingi kushuka daraja kwa mwezi wa tano kulianzia hapo.

Swali la Simba na Yanga sijalisahau. Nafasi hiyo mtaipata, tena bila kuomba. Mhariri wa Dar es Salaam anapotafuta mtu wa kumweleza Prisons itachezaje Jumamosi, atampigia yule aliyewaona Jumanne.

Orodha za vikosi hutolewa saa moja hivi kabla ya mchezo. Mechi ikiwa saa 10 jioni, mimi saa 8 nitakuwa nimeshafika, jukwaa kuu, upande wa kulia wa lango la wachezaji. Njooni na koti, kalamu mbili, na mfuko wa nailoni wa kufunikia daftari mvua ikianza.