Masaki kwa mfuko wa Mbagala

Jumanne dada mmoja kaniandikia. Kapandishwa cheo kazini, Jumamosi anataka kuwatoa wenzake wanne wakale Masaki, mtaa wa wenye nazo hapa Dar es Salaam. "Dada nielekeze sehemu nzuri, isiyonitia aibu." Ningemjibu mistari miwili yakaisha, ila hilo neno aibu limenigusa pabaya.

Mara yangu ya kwanza kula Masaki ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya rafiki yangu. Tulikuwa saba, gauni nimeazima, na kwenye simu nina elfu thelathini na tano ambazo nilizihesabu kuwa nyingi. Mgahawa siutaji. Taa zilikuwa hafifu kiasi kwamba menyu tuliisoma kwa tochi za simu. Nikaagiza supu na soda, nikisema nimekula nyumbani. Wenzangu wakaagiza kamba, ngisi, mvinyo chupa ya kwanza, ya pili. Mwenye sikukuu halipi, hilo tunalijua wote. Bili ikaja: laki nne na elfu kumi na mbili. Mmoja akasimama kupokea simu, hakurudi. Wale waliobaki wakasema "tugawane tu sawasawa, tusihesabiane sahani." Elfu themanini na mbili na mia nne kila mtu. Kwa supu!

Nilikopa kwenye simu mezani pale pale, nimeinamisha kichwa kama mtu anayejibu meseji. Nikarudi kwetu Mbagala, uswahilini, na njaa. Aliyetoka kupokea simu hajanirudishia hadi leo, na najua ananisoma. Hujambo, shoga.

Sasa hivi mimi ndiye napigiwa simu na watu wakiuliza twende wapi, na wahudumu wawili watatu wananijua kwa jina. Nasema hivyo kwa majivuno kidogo, nimeyalipia.

Nilichojifunza kwanza ni ramani. Masaki na Oysterbay zipo kwenye rasi. Upande mmoja unatazama bahari kuu, mashariki. Upande wa pili unatazama ghuba ya Msasani, magharibi. Watu wanavaa wakapendeza, wanakwenda Coco Beach, ufukwe wa upande wa bahari kuu, saa 12 jioni kupiga picha ya jua likizama, wanashangaa limezama nyuma yao, juu ya paa za nyumba. Coco ni ya upepo na ya mdomo. Nenda saa 10 au 11, kula mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa, ikamiminiwa chachandu na kachumbari, na mishkaki pembeni, dafu mkononi. Uliza bei kabla hajakupasulia dafu. Tangu daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, mtu wa mjini anavuka baharini moja kwa moja anatokea huko huko, kwa hiyo Jumapili jioni usitegemee nafasi ya kuegesha gari.

Jua lenyewe lipo Slipway, penye maduka na migahawa, upande wa ghuba. Zamani pale palikuwa karakana ya mashua, na hilo jina ni la ule mteremko wa kuvutia vyombo nchi kavu. Dar jua linazama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, basi fika saa 11 na nusu upate meza ya mbele. Agiza kinywaji kimoja, kiendeshe taratibu. Hakuna anayekufukuza. Hapo hapo ndipo zinapotoka boti za kwenda kisiwa cha Bongoyo, kula samaki wa kuchoma ufukweni, lakini hiyo ni safari ya mchana na ina kiingilio cha hifadhi. Weka siku nyingine.

Mgahawa wa Karambezi, pale hoteli ya Sea Cliff kwenye ncha ya rasi, mandhari yake sijaona ya kuishinda: unakaa juu ya mwamba, mawimbi chini yako. Bei nazo ziko juu ya mwamba. Mimi nakwenda kwa kahawa na keki, asubuhi, peke yangu, na picha zinatoka zile zile za mwenye laki tatu.

Lakini mdogo wangu, kwa watu watano wanaosherehekea, mimi ningetoka kidogo nje ya rasi hadi Addis in Dar, chakula cha Kihabeshi. Injera, ule mkate wao laini na mpana, inakuja kwenye sinia kubwa, mboga na nyama juu yake, wote mnamega humo humo kwa mikono. Hakuna cha huyu kala kamba, yule kanywa supu. Natamani lile kundi letu lingekwenda huko, labda tungekuwa bado marafiki.

Popote utakapokwenda: omba menyu kwa simu siku moja kabla, na uulize kama VAT imo kwenye bei au inaongezwa mwisho. Ukifika, kabla hamjaagiza hata maji, sema kwa sauti nani analipa nini. Mhudumu akifungua bili, mwambie kila mtu na yake. Narudia, kabla ya maji. Tunaona haya kutaja hela mezani, halafu tunakopa kwa siri na kulipa riba mwezi mzima kwa ajili ya watu ambao kesho hawatatuuliza tumeamkaje. Kama umewaalika wewe, waambie unatoa kiasi gani. Atakayenuna alikuja kwa ajili ya kamba.

Na usidharau Namanga, pale Msasani. Walinzi, mafundi na madereva wa majumba yale yote wanakula kwa mama ntilie, mchana, wali na samaki wa nazi. Mimi bado nakula huko zaidi ya ninavyoonyesha mitandaoni.

Kwa hiyo dada, Jumamosi: mihogo Coco saa 10, msishibe. Jua Slipway. Usiku injera. Na uvae viatu vya chini, Coco ni mchanga na mimi vile vya kuazima nilivikata kisigino.