Dell OptiPlex ya mtumba: niongeze kadi ya grafiki au nijenge upya?

Mkuu, hiyo kompyuta ya OptiPlex usiitupe. Angalia kesi (boksi la nje la kompyuta) kwanza. Kama ni ile nyembamba, inapokea kadi ya kimo kifupi tu, tena isiyodai waya wake wa umeme, maana sloti hutoa wati 75 mwisho. Kadi ya RTX 3050 ya GB 6 inakula wati 70 na zipo za kimo hicho. Pima nafasi kabla ya kulipa, na usiuziwe ya GB 8, hiyo inataka waya. RX 6400 inavutia kwa bei, ila inatumia njia 4 tu za PCIe (mfumo wa sloti ya kadi), kwa hiyo kwenye madabodi ya toleo la zamani la PCIe 3.0 inapwaya. RAM ikiwa kipande kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho. Tofauti utaiona.

Usijidanganye kwamba pawa saplai utabadilisha baadaye. Plagi ya madabodi ya Dell nyingi za aina hii si ile ya kawaida ya pini 24, na saplai ya kawaida haiingii kwenye kesi hiyo.

Ukitaka kadi ya wati 150 kwenda juu, basi jenga: Ryzen 5 5600, madabodi ya B550, RAM GB 8 mara mbili, saplai ya wati 650 ya kampuni inayoeleweka. RAM zikae sloti ya 2 na ya 4 kutoka kwenye prosesa. Waya wa skrini chomeka kwenye kadi. 5600 haina grafiki ya ndani, ukichomeka kwenye madabodi utaona giza tu na kudhani umeuziwa kadi mbovu.