Kinyama kikishakatwa, fuatilieni kichupa

Kama kwenu kuna mgonjwa anayetakiwa akatwe kinyama kwa kipimo cha saratani, dua muombeeni, lakini na kichupa kinachotiwa kinyama hicho kifuatilieni. Nilimuuguza mama mkubwa, mkaazi wa Wete, Pemba, alipoota uvimbe kwenye ziwa. Watu huhangaika na mashine za mbali, kumbe mengi huamuliwa saa ile ile kinyama kilipotolewa.

Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuzuia nyama isioze, ndani ya saa moja. Maji ya chumvi hayatoshi. Dawa iwe nyingi, angalau mara 10 ya ukubwa wa nyama. Joto letu mnalijua: nyama isiyotiwa dawa, ikingojea boti, itafika imeanza kuoza, na hakuna mtaalamu wa kuirudisha. Lakini pia isisahauliwe humo. Kwa saratani ya ziwa inatakiwa ikae ndani ya fomalini kati ya saa 6 na 72, basi. Kwa anayetoka Pemba hesabu hiyo hubana, hasa ikiangukia sikukuu. Ulizeni mapema: kinapelekwa maabara gani, na nani, lini? Sisi tuliomba akatwe mwanzo wa wiki, tukakubaliwa bila maneno. Na saa ya kukatwa iandikwe kwenye fomu.

Maabara hukigandisha ndani ya nta, wakakata utando mwembamba kuliko unywele, wakauweka juu ya kioo, wakautia rangi, ndipo daktari wa patholojia akautazama kwa hadubini. Siku hizi vioo hivyo hupigwa picha, hata daktari wa nchi nyengine akavisoma kwenye kompyuta; Marekani waliruhusu mwaka 2017 mtambo wa kutolea majibu kwa njia hiyo. Mimi nafurahi, ila nyama iliyooza ikipigwa picha itaonekana imeoza vizuri zaidi.

Jibu lilipokuja kwamba ni saratani, mama mkubwa alilipokea kwa subra. Mimi nikauliza: ya aina gani? Swali hilo msiliache, hata daktari akiwa na haraka zake. Kuna vipimo vinavyotazama kama chembe za saratani zina vipokezi vya homoni, yaani sehemu za kunasia homoni, na kama zimejaa protini iitwayo HER2. Zenye vipokezi huwa na dawa kama tamoksifeni, ambayo ni vidonge tu. Za HER2 zina trastuzumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998. Dawa ya aina moja haiisaidii nyengine. Na HER2 ikiandikwa 2+, yaani haijulikani kama imejaa au haikujaa, hapo bado hamjajibiwa. Inahitajika kipimo cha pili.

Kipimo hicho si lazima mgonjwa akatwe tena. Kile kibonge cha nta hukaa miaka bila friji, na hukatwa humo humo. Kwa hivyo ulizeni kimehifadhiwa wapi. Tulipopewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, tulikiomba kwa maandishi, tukahakikisha namba yake ni ile ile ya kwenye vioo na ripoti, kikavuka bahari ndani ya mkoba wangu. Garini msikiweke juani. Ni nta hiyo.