Maswali na Majibu: Follies Jukwaani, Follies Sinema

Tangu National Theatre ya London ilipoifungua Follies tarehe 6 Septemba 2017, barua kuhusu tamthilia hiyo ya nyimbo zimenijia kwa wingi, na tangazo kwamba itarushwa moja kwa moja katika kumbi za sinema Alhamisi ya tarehe 16 Novemba 2017 limezidisha maswali badala ya kuyapunguza. Nimechagua yale yanayostahili kujibiwa. Walioniuliza Stephen Sondheim, mtunzi wa nyimbo za Follies, ni nani sikuwajibu, kwa kuwa safu hii haikuanza leo.

Ndugu mwandishi, je, hii ni filamu? (Msomaji, Leicester)

Si filamu. Ni onyesho la jukwaani linalochukuliwa na kamera kadhaa mbele ya watazamaji waliolipia viti vyao usiku huohuo, kisha picha na sauti zikapelekwa sinema kwa setilaiti. National Theatre imekuwa ikifanya hivi tangu Juni 2009, kwa hiyo ningependa swali hili lisinirudie tena.

Ninayo rekodi ya waigizaji wa kwanza wa mwaka 1971, na nyimbo zote nazijua kwa ghibu. Kuna haja gani ya kulipia tiketi ya sinema? (Msomaji, Reading)

Huzijui zote, ndugu yangu, na kosa si lako. Kampuni ya santuri ya Capitol ilipoirekodi Follies iliamua kuibana katika santuri moja, ilhali muziki wake ulihitaji mbili. Nyimbo nyingine ziliachwa kabisa, nyingine zikapunguzwa beti, na "One More Kiss", ambayo ilikuwa imekwisha kurekodiwa, ikaachwa nje hadi ilipokuja kurudishwa katika CD miaka mingi baadaye. Hata "I'm Still Here" ilipunguzwa, nao ni wimbo ambao maana yake yote imo katika urefu wake: mwigizaji aliyezeeka anahesabu nyakati zote alizozipitia, na ukimpunguzia nyakati umempunguzia maisha.

Kwa miaka kumi na minne mashabiki ambao hawakufika Winter Garden Theatre, pale Broadway, New York, hawakuwa na kingine cha kusikiliza. Ndiyo maana mnamo Septemba 1985 yaliandaliwa matamasha mawili pamoja na okestra ya New York Philharmonic, Barbara Cook akiimba nafasi ya Sally na Mandy Patinkin ile ya Buddy, mumewe, kwa nia iliyo wazi ya kupata rekodi inayoutendea muziki haki. Rekodi hiyo naipenda, lakini ni ya tamasha, na mazungumzo ya James Goldman, aliyeiandika hadithi, yaliyomo humo ni machache tu. Onyesho lenyewe la 1971, lililoongozwa na Harold Prince na Michael Bennett, halikuwahi kupigwa filamu kamili ya kitaalamu. Kwa hiyo tangu mwanzo kila aliyekuwa mbali na jukwaa amekuwa akipokea Follies iliyokatwa, na wengine wameizoea hivyo hata wanadhani ndiyo yenyewe. Tarehe 16 Novemba mtu aliyeketi Reading ataletewa kazi nzima, mazungumzo na nyimbo kwa mpangilio wake. Ikiwa hiyo si sababu ya kulipia tiketi, basi endelea na santuri yako.

Mapumziko ni saa ngapi? (Wasomaji wengi mno)

Hakuna mapumziko. Onyesho huchukua zaidi kidogo ya saa mbili bila kusimama, na ndivyo lilivyochezwa mwaka 1971 pia. Wasichana wa zamani wa jukwaa, ambao sasa ni watu wazima wenye ndoa na majuto, wanakutana usiku mmoja katika ukumbi unaongoja kubomolewa. Ukiwatoa watazamaji nje katikati ya usiku huo, wanarudi wakiwa wametulia, na kazi hii haitaki watu waliotulia. Maonyesho ya Broadway ya 2001 na ya 2011 yaliugawa usiku huo katika sehemu mbili, na sijasoma wala kusikia hoja iliyonishawishi kwamba yalifaidika kwa mgawo huo. Nendeni msalani kabla ya kuingia. Atakayesimama katikati ya "Too Many Mornings" kwenda kununua bisi, na kuwainua watu kumi ili apite, asiniandikie baadaye kwamba hakuielewa hadithi.

Je, tutaiona huku Mombasa, na itakuwa saa ngapi kwetu? (Msomaji, Mombasa)

Swali hilo lifikisheni kwa msimamizi wa sinema yenu, kwa sababu kumbi zilizo nje ya Uingereza hupanga tarehe zake zenyewe, na nyingi huonyesha siku au wiki kadhaa baadaye. Kama mtarushiwa moja kwa moja, saa moja jioni ya London katika mwezi wa Novemba ni saa nne usiku kwenu. Nendeni mkamwulize mkiwa kundi. Msimamizi asiyeulizwa huamini kwamba hakuna anayetaka, naye ataendelea kuwaonyesha magari yanayolipuka.

Mimi na mume wangu tuliitazama Shaftesbury Theatre mwaka 1987, Diana Rigg akiwa Phyllis. Tunakumbuka wimbo "Country House" na mwisho uliotupa matumaini. Binti yetu ametoka National Theatre akisema hakuusikia wimbo huo na kwamba alitoka akiwa na huzuni. Ni nani aliyekosea? (Mama mmoja, Croydon)

Hakuna aliyekosea, mama, ila mliona tamthilia mbili zenye jina moja. Mzalishaji Cameron Mackintosh alipoileta Follies West End, kwenye kumbi za biashara za London, mwaka 1987, mazungumzo yaliandikwa upya na Goldman mwenyewe, Sondheim akatunga nyimbo nne mpya, na makali mengi ya 1971 yakalainishwa. "Country House" ilikuwa mojawapo ya nyimbo hizo nne. Ili kuzipatia nafasi, nyingine zilitolewa, ikiwemo "The Road You Didn't Take", ambamo Ben, mume wa Phyllis, anasema hajutii njia alizoziacha huku muziki ukimsuta. Phyllis naye alipewa "Ah, But Underneath" badala ya "The Story of Lucy and Jessie", kwa sababu wimbo wa zamani ulihitaji mchezaji ngoma wa kiwango cha juu, na Diana Rigg, pamoja na ukubwa wake wote kama mwigizaji, hakuwa mchezaji ngoma wa aina hiyo.

Najua onyesho lile lilipendwa, na waliolipenda hawakosi ladha. Lakini mabadiliko yale yalitokana na hofu ambayo naiona tena na tena kazi kama hizi zinapofufuliwa: hofu kwamba mtazamaji akitoka na huzuni hatamshauri jirani yake anunue tiketi. Hofu hiyo ina historia yake. Onyesho la 1971 lilichezwa mara 522, likapata Tuzo saba za Tony, zile za tamthilia za Broadway, na bado waliolitolea fedha walipoteza karibu zote. Mzalishaji yeyote anayeisoma hesabu hiyo hujiuliza afanye nini ili yasimpate yaleyale, na jibu la haraka huwa ni kulainisha maneno. Dominic Cooke, aliyeiongoza mwaka huu wa 2017, amefanya kinyume chake: amerudi kwenye maandishi ya 1971. Wanandoa wanne wanafika asubuhi wakiwa hawajaponywa chochote, isipokuwa kwamba sasa wanajua. Binti yako alihuzunika kwa sababu alipaswa kuhuzunika. Mchukue mumeo mwende sinema, kisha mlinganishe wenyewe. Nadhani mtashangaa jinsi 1987 ilivyokuwa imewaficha mengi.

Huyu Imelda Staunton anayecheza Sally si yule mwalimu mwenye nguo za waridi katika filamu za Harry Potter? Kwani anaweza kuimba? (Msomaji, Birmingham)

Ndiye, na anaweza. Ana Tuzo za Olivier, zile za tamthilia za London, kwa Into the Woods, Sweeney Todd na Gypsy, kazi tatu ambazo maneno ya nyimbo zake zote yaliandikwa na Sondheim.

Kila mara unalalamikia okestra. National Theatre imeweka wanamuziki 21. Umeridhika sasa, au utatafuta lingine? (Msomaji, Manchester)

Nimeridhika kwa kiasi, na nitaeleza kwa mara nyingine kwa nini nalalamika. Katika Follies, Sondheim alitunga nusu ya nyimbo kwa namna ya watunzi waliotawala Broadway kabla yake. "Beautiful Girls" ina mwendo wa Irving Berlin, "Losing My Mind" inamkumbusha msikilizaji George Gershwin, na "One More Kiss" ni ya enzi za opereta. Msikilizaji hatambui enzi hizo kwa sauti ya mwimbaji peke yake. Anazitambua kwa fidla, zumari na tarumbeta namna Jonathan Tunick, aliyeuandikia okestra muziki huu, alivyozipanga. Ukitoa fidla nane ukaweka kinanda kimoja cha umeme, umefuta tarehe zilizoandikwa ndani ya wimbo, na tamthilia inayohusu wakati uliopita inabaki haina wakati. Ndivyo ilivyoponzwa ile ya Broadway ya 2001 kwa okestra yake ndogo. Ile ya 2011 ilikuwa na wanamuziki 28, na nafuu ilisikika mara moja.

Ishirini na mmoja, kwa ukumbi unaotegemea fedha za umma kwa sehemu na ambao umelipa pia waigizaji 37, ni uamuzi wa heshima. Ninachowaonya wasomaji ni kingine: katika sinema okestra hii itafika masikioni mwenu kwa kadiri msimamizi wa ukumbi atakavyopandisha sauti. Nimeketi katika kumbi ambamo matangazo ya biashara yalitikisa viti na onyesho lenyewe likasikika kama redio ya jirani. Sauti ikiwa chini katika dakika tano za kwanza, mtu mmoja atoke akaseme. Msiwe wastaarabu hadi mwisho.

Nina tiketi ya ukumbini na rafiki yangu ana ya sinema. Ni nani atakayeona vizuri zaidi? (Msomaji, London)

Kila mmoja ataona ambacho mwenzake hakukiona, na hapa nina wasiwasi ambao nimeungoja mtu auulize. Jukwaa la Olivier, ukumbi wa National Theatre inamochezwa, ni pana na linazunguka. Juu yake Vicki Mortimer ameujenga ukumbi uliobomoka nusu, wenye vifusi na mabaki ya fahari. Katika vifusi hivyo hawatembei watu wa 1971 peke yao. Sally, Phyllis, Ben na Buddy kila mmoja ana kijana wake, yaani yeye mwenyewe alivyokuwa miaka thelathini nyuma, na wasichana wa zamani wanapita na kusimama pembeni katika maleba yao ya manyoya, wakiwatazama wazee watakaokuwa wao. Aliye ukumbini anaweza kuuacha uso wa anayeimba na kumtazama anayesikiliza. Nusu ya hadithi iko kwa anayesikiliza.

Kamera hupenda anayeimba. Staunton akifika "Losing My Mind", kamera ikimsogelea, rafiki yako ataona usoni mwake mambo ambayo mtu wa safu ya nyuma, katika ukumbi wa viti zaidi ya elfu moja, hatayapata hata akiwa na darubini. Hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Lakini kusogea karibu nako ni kukata, na tamthilia hii imekwisha kukatwa vya kutosha. Katika "Who's That Woman?", Dawn Hope akiwa Stella, wanawake watu wazima wanajaribu kukumbuka hatua za ngoma waliyoicheza ujanani, nyuma yao wanatokea vijana wao, hadi safu mbili zinacheza ngoma moja. Bill Deamer ameipanga ngoma hiyo itazamwe kwa upana. Atakayetuonyesha viatu, kisha tabasamu, kisha viatu tena, atakuwa ameiua. Vivyo hivyo kwa "One More Kiss": Josephine Barstow, aliyeimba opera kwa miongo mingi, anauimba pamoja na Alison Langer, ambaye ni ujana wake. Sauti ya mzee na ya kijana zinajengana, na picha isiyo na wote wawili ndani yake si picha ya wimbo huo. Wanaosimamia kamera hufanya mazoezi yao kabla ya usiku wa kurusha, kwa hiyo hawataweza kusema walishtukizwa.

Wewe mwenye tiketi ya ukumbini, usiitazame Follies kwa kufuata mwanga peke yake.

Naomba unielekeze mahali ninapoweza kuipata bure mtandaoni. (Wasomaji kadhaa, ambao nawasitiri)

Hapana.

Nina watoto wa miaka tisa na kumi na mmoja wanaopenda nyimbo na kucheza. Niwapeleke? (Mama, Milton Keynes)

Hakuna matusi makubwa wala damu, lakini ni hadithi ya watu wanaokaribia miaka hamsini wanaojiuliza kama walioa au kuolewa na mtu siye. Watoto watayafurahia manyoya kwa dakika tano, kisha watakuuliza lini wataimba tena wale wenye manyoya. Waache kwa nyanya yao. Ingawa kwa kweli, kama kuna mtu wa kupelekwa katika nyumba hiyo, ni nyanya.

Je, ningoje DVD? (Msomaji, Muscat)

Usingoje. Hadi mwaka huu wa 2017 National Theatre haijawa na desturi ya kuuza DVD za matangazo haya. Huruhusu marudio sinema, kisha kazi huingia katika hifadhi yao, ambako huonwa na anayefika London na kuomba nafasi. Ulizia marudio katika sinema za huko. Na kama safari itakuleta London kabla ya tarehe 3 Januari 2018, onyesho lenyewe litakuwa bado linaendelea: tiketi za bei nafuu za wiki inayofuata hufunguliwa katika tovuti yao kila Ijumaa saa saba mchana, saa za London, na huisha haraka.