Ndege wa Lubumbashi na ndugu zetu walioko ng'ambo

Mdogo wangu alipokuja kututembelea Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, Kongo, baada ya miaka mingi ya kazi Ubelgiji, hakuanza na bei ya dola wala nani kaoa nani. Alikaa na chai yake nje asubuhi, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Yaya" (kwetu ndivyo anavyoitwa ndugu mkubwa), "ndege walienda wapi?" Swali lilinishtua, kwa sababu mimi ninayeishi hapa nilikuwa nimeshazoea asubuhi za jenereta, pikipiki na spika za makanisa.

Tulipokuwa wadogo hakuna parseli, yaani kiwanja cha nyumba, iliyokosa mwembe au mparachichi. Kwera walining'iniza viota vyao mpaka tawi likainama, na shomoro waliingia kwenye upenyo kati ya ukuta na bati. Sasa angalia anachofanya mtu akipata hela. Anajenga ukuta mrefu, anakata mti eti mizizi itapasua msingi, kisha anamwaga zege au anatandaza pave uwanja mzima ili mvua isilete matope. Na hela hizo mara nyingi zinatoka wapi? Ulaya, Afrika Kusini, Kanada. Nilimwambia mdogo wangu bila kuzunguka: ndege umewafukuza wewe, kwa Western Union. Alicheka, lakini si kwa muda mrefu.

Jambo hili halikuanzia kwetu. London, kati ya 1994 na 2004, ilipoteza karibu asilimia 60 ya shomoro wake, na tangu 2002 shomoro yuko kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini Uingereza. Kuna sababu kadhaa, ila moja ndiyo iliyonikaa kichwani. Shomoro mkubwa hana shida: atakula punje, mchele uliomwagika, makombo ya mkate. Kifaranga ndiye asiyeweza. Siku zake za kwanza anataka wadudu, viwavi na vidukari, na uwanja wa zege hauna hata mmoja. Kwa hiyo mtaa unaweza kuonekana una ndege wa kutosha, wanarukaruka sokoni kama kawaida, kumbe viotani hakuna anayekua. Wakubwa wakizeeka, basi.

Nje ya mji hali ni hiyo hiyo kwa sababu nyingine. Msitu wa miombo unaozunguka Lubumbashi unageuka makaa ya kupikia, na mti wa mutondo ukikatwa, vile viwavi tunavyovipenda mezani navyo vinakosa majani. Mama anayeniuzia viwavi soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, anasema vyake sasa vinatoka mbali sana, na bei inamuunga mkono.

Tulipoanza kuzungumza kwa kweli juu ya mdogo wangu kurudi moja kwa moja, nilimkumbuka yule kifaranga. Sisi tunawaita ndugu zetu kwa hotuba: njooni mjenge nchi, migodi inajaa wageni wakati ninyi fani mnazo. Ni kweli, fundi umeme mwenye uzoefu kama wake anahitajika kwenye miji ya migodi, Likasi na Kolwezi. Lakini mtu mzima si tatizo. Amekulia Katuba, ndoo anaijua, giza analijua. Tatizo ni watoto wake, waliozaliwa Antwerp na wanaosoma Kiflemi. Ukiwaleta Septemba ukawaingiza kwenye shule ya Kifaransa bila maandalizi, kabla ya Pasaka mama yao ameshakata tiketi ya kurudi, na baba atafuata.

Ndiyo maana ushauri wangu unaanzia kwa watoto, si kwa kazi. Mwaka mmoja kabla, watafutiwe huko huko mtu wa kuwafundisha Kifaransa. Ninyi mlioko hapa tembeleeni shule, si ofisini kwa mkurugenzi tu. Simameni getini saa wanafunzi wanapotoka, muwasikilize wazazi. Tafuteni daktari wa watoto kabla mtoto hajaugua. Na wakija kupima maisha, wasije Julai. Julai Lubumbashi inadanganya: hakuna mvua, hewa baridi, kila mtu anasema kumbe kwetu ni kuzuri. Waje Oktoba joto likiwa kali, au Februari barabara zikiwa matope na umeme ukikatika kila radi ikipiga.

Karatasi ni jambo ambalo watu wanaliacha mwisho, na ndilo linalouma. Sheria ya uraia ya 2004, na Katiba ya 2006 katika kifungu cha 10, zinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Aliyechukua pasipoti ya Ubelgiji, kisheria si Mkongomani tena, hata akicheza rumba kutuzidi sote. Hilo linagusa ardhi: kwa sheria ya 1973, haki ya kudumu juu ya kiwanja ni ya Mkongomani, mgeni anapewa ya muda usiozidi miaka 25 inayoweza kuongezwa. Linagusa pia biashara, kwa kuwa sheria ya 2017 imewatengea Wakongomani kazi ambazo kampuni kubwa, migodi ikiwemo, huwapa wakandarasi. Wazambia, hapo tu ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, wameruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2016, na sioni kwa nini sisi tushindwe. Mpaka hapo sheria itakapobadilika, ipo njia ya kuomba kurudishiwa uraia. Muone wakili kabla ya kununua parseli. Kuandika kiwanja kwa jina la mjomba ili mambo yaende haraka ndiko kunakojaza mahakama zetu.

Kuhusu uwanja, tulibishana. Yeye alitaka pave kutoka getini hadi jikoni. Nilimshauri aache ukanda wa udongo kandokando ya ukuta, apande mwembe mbali kidogo na msingi, na chini ya bati fundi asizibe kila upenyo. Alikubali udongo na mwembe. Upenyo alikataa, anaogopa panya.

Limebaki suala la familia. Anayerudi hudhaniwa amebeba gunia la dola, wakati ukweli ni kwamba ameacha mshahara na bado hajapata mwingine. Kabla hajafika niliwaita wazee nikawaomba: miezi sita ya kwanza asiguswe kwa mahari wala karo wala bati la mtu. Msiba tutachanga sisi. Baba mdogo alielewa. Shangazi alisema nimeanza kuwa bosi wa ukoo, na alininunia mpaka Krismasi.